Kuzisoma nyasi bahari kwa bamvua moja: mwongozo kamili wa pwani yetu

Gimbi linalochemshwa kwa chai ya asubuhi na yale majani marefu yanayokuzonga miguu maji yakipwa ni jamaa. Wataalamu wa mimea wanaviweka vyote viwili katika oda (yaani kundi la koo kadhaa) ya Alismatales, huku ukoka, mpunga, mahindi na muwa vikiwa mbali, katika oda nyingine kabisa. Kwa hiyo jina "nyasi bahari" linapotosha kidogo. Ndilo tulilo nalo, nami nitalitumia, lakini ukumbuke tangu sasa kwamba unachokwenda kukitazama si nyasi iliyoingia majini. Ni mmea wa maua, wa kundi la monokotiledoni, yaani wale ambao mbegu yao huchipua na jani moja. Mababu zake walikuwa mimea ya nchi kavu, kisha ya maji baridi, ndipo wakahamia chumvini.

Nguva naye alipita njia hiyo. Ni jamaa wa tembo aliyerudi baharini, na chakula chake ni jamaa wa gimbi aliyerudi baharini. Kila ninapolifikiria hilo napata hamu ya kushuka tena ufukweni.

Mwongozo huu utakushika mkono kwa saa tatu hivi za kupwa, urudi ukiwa umeiona safari hiyo ya mmea kwenye jani, kwenye mzizi na, bahati ikikuangukia, kwenye ua. Nimeuandika nikiiwaza ghuba ya Chwaka, Unguja, ambayo nimeizoea zaidi. Utafaa pia Gazi, Wasini, Lamu, Mafia au Mtwara, maana spishi ni zilezile karibu zote.

Chagua siku, kisha omba ruhusa

Unataka bamvua: siku mbili tatu kuzunguka mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4, na kwa neema ya Mungu kupwa kwa bamvua upande wetu huangukia mchana, mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu utaona ukanda wa juu tu, na spishi nyingi zitabaki zimefunikwa. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kumaliza kupwa, yafuate yanavyoondoka, na yakigeuka geuka nawe bila kubishana. Katika ghuba bapa maji hujaa kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu na njia ya kurudi imekwisha kufungwa.

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa maangavu na kazi huwa nyepesi. Masika mito huleta tope.

Kabla ya kuingia, pita kwa sheha na kamati ya wavuvi ya eneo. Tanzania Bara na Kenya, waone viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuko. Ndani ya hifadhi ya bahari unahitaji kibali hata kama hukusanyi kitu.

Vya kuchukua

Viatu vinavyofunga mguu mzima. Kwenye nyasi bahari hukaa panga, yule chaza anayesimama wima mchangani na ukingo wake mkali kama jina lake, na taa hujifukia humo humo. Buruza miguu unapotembea majini, usiinyanyue, ili taa akusikie aondoke.

Chukua pia lenzi ya kukuza mara 10, sahani nyeupe, wembe, rula, sindano nene, uzi wa pamba wa rangi inayoonekana, na kibao cha plastiki na penseli, maana penseli huandika hata penye maji. Ukitaka kupima, tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 kwa bomba la plastiki, na kamba tatu za mita 50 zenye fundo kila mita 5.

Usichukue jembe wala koleo. Pale maji makuu yanapoishia, mawimbi hutupa majani na vipande vya mashina kila siku, na hivyo ndivyo vya kukata na kuchezea. Mwaka wangu wa kwanza niling'oa beseni zima la mimea hai ili niwaonyeshe watoto wa madrasa. Mwaka uliofuata nilipita palepale, na kidimbwi cha mchanga mtupu kilikuwa bado kipo, kimepanuka. Mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza karibu yangu alikitazama akasema, "Mwanangu, hapa palikuwa na tafi." Sijang'oa tena.

Kwanza tenganisha nyasi na mwani

Watu wengi pwani huita mwani kila kinachoota baharini. Kwa kazi hii lazima uvitenge. Mwani, kama ule unaofungwa kwenye kamba Paje na Jambiani, hauna mizizi ya kweli, hauna mishipa wala ua. Unanyonya chakula kwa mwili wote.

Chukua kipande cha nyasi bahari kilichotupwa ufukweni. Kitakuwa na shina mlalo, lile linalotambaa chini ya mchanga, lenye vifundo kama vya muwa. Kila kifundo kinatoa mizizi chini na chipukizi la majani juu. Mishipa ya jani inakwenda sambamba kutoka chini hadi ncha, kama kwenye jani la mahindi, na hiyo ni alama ya monokotiledoni ambayo chumvi haikuifuta.

Shina hilo mlalo ndilo mmea wenyewe hasa. Majani huja na kuondoka. Huko Shark Bay, Australia Magharibi, watafiti walitangaza mwaka 2022 kwamba shamba la Posidonia australis lenye urefu wa kilomita 180 hivi ni mmea mmoja tu, uliotambaa kwa takriban miaka 4,500. Kwa hiyo usihesabu chipukizi ukadhani umehesabu mimea.

Mtambue aliye mbele yako

Duniani kuna spishi 70 hivi za nyasi bahari. Pwani yetu ina 12 au zaidi kidogo, na hizo zinatosha kukueleza habari nzima, kwa sababu mimea hii iliingia baharini angalau mara tatu, kila ukoo kwa wakati wake, na koo zote tatu zina watoto hapa kwetu. Ingia kutoka ufukweni kuelekea mwambani, na utakutana nazo karibu kwa mpangilio.

Karibu na nchi kavu, pale jua linapopiga mchanga, tafuta Halodule uninervis: majani membamba kama uzi wa ukili, na ncha ambayo chini ya lenzi ina meno matatu. Kando yake huota Halophila ovalis, vijani viwiliwili vya umbo la yai vilivyosimama kwenye vikonyo vyembamba. Ndiyo inayowashangaza watu, kwa kuwa haifanani na nyasi hata kidogo. Ina binamu mwenye majani marefu zaidi na kingo zenye meno madogo, Halophila stipulacea, msafiri mkubwa kuliko wote. Ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi magharibi na Bahari ya Shamu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 ilipenya, mwaka 1894 ikaonekana Mediterania, na mwaka 2002 ikafika Karibiani, ambako sasa inasukuma nyasi za wenyewe.

Ukisogea mbele unaingia kwenye zulia nene, na hapa watu huchanganya mbili. Thalassia hemprichii ina jani lililopinda kidogo kama mundu, lenye vistari vifupi vya kahawia, na shina mlalo nene lenye makovu yaliyobanana. Cymodocea rotundata ina jani lililonyooka, ncha ya mviringo laini, na shina jembamba. Ukibaki na shaka angalia vile vistari: Cymodocea haina. Dada yake, Cymodocea serrulata, ambayo siku hizi baadhi ya vitabu huiandika Oceana serrulata, ina ncha yenye meno na ala (ile sehemu ya chini ya jani inayokumbatia chipukizi) bapa iliyochongoka kuelekea chini kama pembetatu.

Penye tope na vijito simama utazame Enhalus acoroides. Hutaikosa. Majani yake hupita mita moja, na chini ya shina kuna nyuzi nyeusi ngumu kama nywele za farasi, mabaki ya kingo za majani ya zamani. Kwenye maji yasiyokauka utaona Syringodium isoetifolium, ambayo jani lake ni duara kama tambi. Mwisho kabisa, ukingoni mwa mwamba, Thalassodendron ciliatum imesimama juu ya vijiti vigumu kama vya mti, majani yamekusanyika kileleni kama upepeo. Usiikanyage hiyo. Shina lake ni gumu lakini likivunjika linachukua muda mrefu mno kurudi.

Sasa zipange kwa koo. Halodule, Cymodocea, Syringodium na Thalassodendron ni ukoo mmoja. Thalassia, Enhalus na Halophila ni ukoo wa pili, ndugu wa Vallisneria inayoota chini ya maji katika maziwa yetu makuu. Ukoo wa tatu unawakilishwa na Zostera capensis, yenye majani membamba na ncha iliyochanjwa kidogo katikati, inayopatikana hapa na pale kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Ukiiona, piga picha na umwarifu mtafiti wa bahari aliye karibu nawe, maana imeorodheshwa miongoni mwa zilizo hatarini.

Visukuku vinaonyesha kwamba tayari kulikuwa na nyasi bahari katika Kipindi cha Kretasi, kabla dinosaria hawajatoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Tafuta alama za kuhama

Hapa ndipo pa kukaa. Maji yamepwa, una sahani na wembe, usiwe na haraka.

Kata jani la Enhalus kwa upande, kipande chembamba uwezavyo, ukiweke kwenye sahani yenye maji. Chini ya lenzi utaona safu ya matundu. Hiyo ni mirija ya hewa, inayoshuka kutoka jani mpaka mizizini. Kisha tazama rangi: kijani kimejaa kwenye ngozi ya nje, katikati pamefifia. Mimea ya nchi kavu hutunza kloroplasti zake, vile vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, ndani na kuacha ngozi iwe angavu kama kioo. Nyasi bahari zimezileta nje kabisa, kwa sababu mwanga majini ni haba na hewa ukaa inasafiri taratibu mno kwenye maji, basi kiwanda lazima kikae mlangoni. Tena hazitegemei hewa ukaa iliyoyeyuka peke yake. Nyingi hutumia bikaboneti, ambayo bahari imejaa tele.

Ukirudi nyumbani fanya jaribio moja, ikiwa unaweza kuazima hadubini ya shule. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la gimbi, iache ikauke, ibandue kwa utepe wa gundi, uitazame. Utaona stomata, vile vinywa vidogo vya kupumulia, vimetapakaa. Fanya vivyo hivyo kwa jani la Enhalus ulilolikausha kwa kitambaa. Hakuna hata kimoja. Mwaka 2016 jenomu (maagizo yote ya urithi) ya Zostera marina, dada wa ile Zostera yetu, iliposomwa yote, ilionekana kwamba jeni za kutengeneza stomata zimetoweka. Jeni za kutengeneza harufu nyingi nazo zimekwenda, kwani chini ya maji hakuna nyuki wa kuitwa. Zimepotea pia jeni za ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi tunazozivundika. Na kuna kilichopatikana upya: kuta za seli zake zina sukari zenye salfeti, kama zile za mwani, zinazosaidia kushika maji na kuhimili chumvi. Mmea umerudi kwenye nyumba ya mababu wa mbali na kulazimika kujenga tena ukuta uliokuwa umebomolewa.

Sasa shusha kidole tope liliko karibu na mmea. Chini ya sentimita chache tope ni jeusi na linanuka yai viza. Hiyo ni salfaidi, sumu kwa mizizi, na humo hakuna oksijeni. Penye kingo za kijito, ambako maji yamekata udongo na mizizi ikabaki inaning'inia, angalia vizuri: kuzunguka mzizi hai mara nyingi kuna duara la rangi ya kutu. Oksijeni iliyoshuka kwa ile mirija imevuja na kuusafisha udongo unaougusa mzizi. Mmea unapumua kwa niaba ya mizizi yake.

Kazi hiyo yote ina gharama. Nyasi bahari kwa wastani huhitaji asilimia 11 ya mwanga unaofika juu ya maji, wakati vijimea vinavyoelea vinaweza kuridhika na asilimia 1. Ndiyo maana tope la mto uliokatwa miti kingoni, au maji machafu yanayorutubisha ute juu ya majani, huua shamba bila mtu kulikanyaga. Kokoro na juya huling'oa. Kilimo cha mwani, kilichoanza Zanzibar mwaka 1989 na kinachowalisha wanawake wengi, nacho hulibana pale mkulima anaposafisha nyasi kabla ya kupigilia vigingi. Ninawaheshimu akina mama hao, na nimewaona wengine wakihamishia kamba kwenye mchanga mtupu kisha wakaendelea kuvuna.

Kulipata ua

Wengi wamezaliwa pwani wakazeeka bila kujua kwamba majani haya hutoa maua. Anza na Enhalus, kwa kuwa ndiyo iliyobaki na desturi ya maji baridi. Ua la kike hupanda kwa kikonyo kirefu mpaka juu ya maji, likiwa na petali nyeupe zilizokunjamana zisizoshika maji. Maua ya kiume, madogo kama chembe za chumvi ya mawe, hujikata yenyewe chini na kuelea. Siku ya bamvua, maji yakiwa ya kupwa na shwari, utaona chembe nyeupe zinatelezeshwa na upepo mpaka zinanaswa kwenye petali za kike. Maji yakijaa, ua hujifunga. Baada ya hapo kikonyo hujikunja kama springi na kulivuta tunda chini. Vallisneria ya ziwani hufanya vivyo hivyo, kwa maua ya kiume yanayoelea na kikonyo kinachojikunja.

Nyingine zote zimejitosa: chavua yao inasafirishwa na maji yenyewe. Chavua ya mimea ya nchi kavu ni punje. Ya Zostera ni uzi wenye milimita kadhaa, unaoelea na kujizungusha kwenye stigma (sehemu ya ua la kike inayopokea chavua) yoyote unayoigusa. Kwa ukoo wa Cymodocea nao ni uzi. Thalassia na Halophila zilibaki na punje, lakini zimezifunga kwenye ute kama shanga kwenye uzi. Koo mbalimbali, tatizo moja, na majibu yanayokaribia kufanana: mageuko ya viumbe huonekana waziwazi hapa kuliko mahali pengi ninapopajua.

Ili uyaone, piga magoti. Kwa Cymodocea, fungua taratibu kwa kidole majani ya chipukizi, bila kulichana, utafute nyuzi nyembamba zinazochomoza (jike) au kibua chenye vifuko viwili vya chavua (dume). Jinsia hizo hukaa kwenye mimea tofauti, kwa hiyo ukipata dume peke yake endelea hatua kumi mbele. Thalassodendron huenda mbali zaidi: mbegu yake huchipua ikiwa bado kwa mama, kama mkoko, na mche huondoka ukiwa tayari na majani.

Kupima kwa kamba na fremu

Kama utarudi tena na tena, pima. Njia inayotumika nchi nyingi ni rahisi: nyoosha kamba tatu za mita 50, sambamba, zikiachana mita 25, kutoka ufukweni kuelekea baharini. Kila mita 5 laza fremu. Andika asilimia ya mchanga iliyofunikwa na nyasi, spishi zilizomo na sehemu ya kila moja, urefu wa majani, na kama kuna mwani au ute juu yake. Kisha piga picha ukiwa wima juu ya fremu, kivuli chako kisiingie. Ni fremu 33, na watu wawili huzimaliza kabla maji hayajarudi. Weka alama za mahali kwa simu ili baada ya miezi mitatu urudi palepale.

Tundu la sindano

Jani la nyasi bahari hukua kutoka chini, kama la mahindi, wala si kutoka ncha. Ndiyo maana kasa na tafi wanaweza kulikata likarefuka tena. Unaweza kupima ukuaji huo, na bamvua inayofuata, siku 14 hivi baadaye, ni muda unaofaa kabisa.

Chagua chipukizi 10 za Thalassia au Cymodocea. Kwa kila moja, shika majani yote pamoja na uyatoboe kwa sindano mara moja, pale yanapotokea kwenye ala. Funga uzi wa pamba legelege chini ya chipukizi ili ulitambue, na upande wa ufuko chomeka kijiti. Bamvua ijayo rudi, kata chipukizi hizo 10 tu kwa wembe juu ya mchanga, shina mlalo libaki. Tandaza majani ya kila chipukizi kwenye sahani kwa mpangilio wa umri. Jani la nje, lililokwisha kukua, tundu lake litakuwa halijasogea: hilo ndilo sifuri lako. Kwenye majani ya ndani tundu limepanda, na umbali kutoka usawa wa lile sifuri hadi tundu ni ukuaji wa siku 14. Jani lisilo na tundu limezaliwa lote katika siku hizo, kwa hiyo lipime kuanzia usawa huohuo hadi ncha. Jumlisha, gawanya kwa 14, uandike milimita kwa siku pamoja na tarehe na spishi. Kisha kusanya nyuzi zako zote 10 kabla ya kuondoka.